Kabla ya Kusasisha pip, Uliza ni pip ya Nani

Mtu yeyote anayeandika programu kwa Python ameshakutana na ujumbe huu. Amesakinisha kifurushi, kazi imekwisha salama, kisha chini kabisa ya terminali yanajitokeza maneno haya:

    [notice] A new release of pip is available: 24.0 -> 25.0
    [notice] To update, run: python -m pip install --upgrade pip

pip ndiyo inayoleta vifurushi vya Python kutoka hifadhi kuu ya PyPI na kuvipanga kwenye kompyuta. Ian Bicking aliianzisha mwaka 2008, na tangu Python 3.4 ilipotoka mwaka 2014 huja pamoja na Python yenyewe, kwa hiyo wengi wanayo bila hata kuitafuta. Karibu kila wiki hukagua kama kuna toleo jipya, na likiwapo hukuarifu. Baadhi ya watu huupita ujumbe huo miaka nenda miaka rudi. Wengine huchukua amri ya kwanza waliyopewa na rafiki, mara nyingi ikianza na sudo, wakaibandika na kubonyeza Enter. Kundi la kwanza hukwama polepole. La pili hukwama palepale.

Kusasisha pip ni kazi ya amri moja inayomalizika haraka. Ila amri hiyo ina mahali pake, na ukiitumia pasipo mahali pake unaweza kuharibu zana ambazo mfumo wa kompyuta unazitegemea. Ndiyo maana swali la toleo gani lije baadaye. Kwanza ujue pip hii ni ya nani.

Lakini kuna sababu gani ya kuisasisha kabisa, ikiwa ya zamani bado inafanya kazi? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa sababu kubwa haionekani kwa macho, na imewavunja moyo wanafunzi wengi kuliko wanavyojua wenyewe.

Vifurushi vingi vya Python vina sehemu zilizoandikwa kwa C, C++ au Rust. Waandishi wake huzijenga sehemu hizo mapema na kuweka kwenye PyPI faili lenye mwisho wa .whl, likiwa tayari kutumika kwenye Linux, Windows au Mac. Jina la faili hubeba alama za mfumo linaoufaa. pip husoma alama hizo na kuchagua faili linalolingana na kompyuta yako, na alama isiyoijua huiruka. Isipoona faili lolote lililo tayari, hushuka hadi msimbo chanzo na kujaribu kuujenga hapohapo kwenye kompyuta yako. Hapo skrini hujaa mistari mirefu inayodai gcc, au Rust, au faili linaloitwa Python.h, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba kompyuta yake ni mbovu au kwamba yeye hana akili ya kazi hii. Si kweli. Mara nyingi pip yake ni ya zamani, basi.

Kwa upande wa Linux alama hizo zimebadilika mara kadhaa. Ile ya manylinux2010 inahitaji pip 19.0 kwenda mbele, manylinux2014 inahitaji 19.3, na zile mpya zinazoanza na manylinux_2_ zinahitaji 20.3. Ubuntu 20.04 ilitoka ikiwa na pip 20.0.2. Aliyebaki nayo haoni faili lolote lenye alama mpya peke yake, hata kama lipo na linaifaa kompyuta yake kabisa.

Mfano uliowagusa watu duniani kote ni wa Februari 2021. Kifurushi cha cryptography, ambacho programu nyingi hukitegemea kimyakimya kwa usimbaji wa siri, kilitoa toleo la 3.4 lililoanza kutumia Rust. Wenye pip mpya walipata faili lililo tayari na hawakuhisi chochote. Wenye pip ya zamani hawakuliona faili hilo, pip ikajaribu kujenga, Rust haikuwapo, na kazi zikasimama. Wengi walikimbilia kusakinisha Rust, kazi nzito yenye kula data, ilhali dawa ya wengi wao ilikuwa kusasisha pip tu. Waandishi wa kifurushi waliiandika dawa hiyo kama hatua ya kwanza ndani ya ujumbe wenyewe wa kosa, lakini nani husoma hadi mwisho mistari ya aina hiyo? Isome. Ukiona pip imeanza kujenga kitu ambacho hukutarajia kijengwe, isimamishe kwa Ctrl+C, sasisha pip, kisha ujaribu tena kabla hujasakinisha kitu kingine chochote.

Kuna sababu ya usalama pia. pip zilizotangulia 19.2 zilikuwa na tundu: ukisakinisha kifurushi kutoka anwani ya wavuti, seva yenye nia mbaya iliweza kutuma jina la faili lililojaa ../ na hivyo kuandika faili nje ya folda iliyokusudiwa. Tundu hilo lilizibwa mwaka 2019, nayo mengine yamezibwa baadaye. Na kwa anayeishi kwa bando kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: kuanzia toleo la 25.2 la mwaka 2025, upakuaji ukikatika njiani pip yenyewe hujaribu kuendelea pale ulipoishia. Kabla ya hapo, faili la PyTorch la mamia ya MB likikatika karibu na mwisho ulianza upya, na bando lako likawa limekwenda bure.

Sasa turudi kwenye swali la mwenye pip. Fungua terminali uandike:

    python3 -m pip --version

Jibu litafanana na hili:

    pip 24.0 from /usr/lib/python3/dist-packages/pip (python 3.12)

Macho ya wengi hukimbilia namba ya toleo. Wewe soma njia iliyo katikati. Ikianza na /usr/lib na kupita kwenye dist-packages, hiyo ni pip ya mfumo wa Debian au Ubuntu, na aliyeiweka ni apt, kisakinishi cha programu cha mfumo huo. Ikipita kwenye /opt/homebrew, ni ya Homebrew ya Mac. Ikiwa ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye .local, ni nakala uliyowahi kuisakinisha kwa jina lako, pengine bila kujua. Na ikipita kwenye folda ya mradi wako, kwa mfano .venv/lib/python3.12/site-packages, hiyo ni yako kwa asilimia mia, nayo ndiyo tunayoitaka.

Angalia pia namna amri ilivyoandikwa. Sikuandika pip peke yake. Amri ya pip ni skripti ndogo iliyowekwa mahali fulani kwenye kompyuta, na mashine yenye Python zaidi ya moja inaweza kuwa na skripti za namna hiyo kadhaa. Ukiita pip unapata iliyo mbele kwenye foleni, ambayo huenda ni ya Python nyingine kabisa. Ukiandika python3 -m pip, unaiambia Python hiyohiyo iendeshe pip yake mwenyewe, na shaka inakwisha. Kuhusu mambo mengine ya ladha nakiri kwamba kila mtu ana njia yake, lakini hili nalishikilia: zoea umbo hili refu. Wale wanaolalamika kwamba wamesakinisha kifurushi na Python inasema hakipo, wengi wao wamekisakinisha kwenye Python ya pili. Ukitaka kuona skripti zote za pip zilizopo, Linux na Mac hutumia which -a pip, na Windows, kwenye dirisha la cmd, hutumia where pip. Windows ina pia amri ya py -0p inayoorodhesha Python zote na mahali zilipo.

Ukishagundua kwamba pip ni ya mfumo, usiisasishe kwa pip. Kwenye Ubuntu, zana kama ubuntu-drivers, ile inayopendekeza kifurushi unapokosea amri, na ile inayoweka masasisho ya usalama zimeandikwa kwa Python na zinategemea vifurushi vilivyowekwa na apt. Python hiyo ina mwenye nyumba, na wewe ni mpangaji: unaishi humo kwa raha, ila hubomoi ukuta. apt huweka kumbukumbu ya kila faili ililoliweka, na pip haisomi kumbukumbu hiyo. Vyombo viwili vikipishana juu ya mafaili yaleyale, hakuna kinachojua mwenzake amefanya nini.

Hayo yalitokea waziwazi Aprili 2018, pip 10 ilipotoka. Waandishi wa pip walihamisha sehemu za ndani za programu na kuziweka chini ya jina pip._internal. Watumiaji wa Ubuntu waliendesha amri ya kusasisha kama walivyozoea, ikakamilika bila tatizo. Walipoita pip tena, wakapata hili:

    ImportError: cannot import name main

Kilichotokea ni kwamba pip mpya ilikaa kwenye folda yake, lakini skripti ya /usr/bin/pip iliyowekwa na apt ilibaki ya zamani, na ilikuwa bado inaitafuta main mahali ambapo haipo tena. Sehemu mbili za programu moja, kila moja ikiwa na mlezi wake. Maelfu ya watu walifika kwenye kosa hilo kwa kutii tu ujumbe uliowaambia wasasishe.

Jamii ya Python ilijifunza. Pendekezo linaloitwa PEP 668 liliruhusu mfumo kujitangaza kuwa unasimamiwa na chombo kingine, na pip ikatakiwa kuheshimu tangazo hilo. Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ililitekeleza, na Ubuntu 24.04 vilevile. Ndiyo sababu siku hizi ukijaribu kusasisha pip ya mfumo unasimamishwa na maneno haya:

    error: externally-managed-environment

Huo ni ulinzi unaofanya kazi yake. Chini yake utaona kwamba kuna kigezo cha --break-system-packages kinachoupita. Waliokipa jina hilo walitaka usome kila neno lake kabla ya kukitumia: unakubali kwamba vifurushi vya mfumo vinaweza kuvunjika. Usikitumie kusasisha pip. Na usitumie sudo pip kwa jambo lolote, kwa sababu nyingine iliyo nzito zaidi: kifurushi kinachojengwa kutoka msimbo chanzo huendesha msimbo wa mwandishi wake wakati wa kusakinishwa, na sudo humpa mtu huyo usiyemjua mamlaka yote juu ya kompyuta yako.

Ukitaka pip ya mfumo isogee mbele, muombe mwenyewe, yaani apt:

    sudo apt update
    sudo apt install --only-upgrade python3-pip

Toleo utakalopewa huenda likawa nyuma ya lile la PyPI. Liache hivyo. Kazi zako hazitafanyikia hapo.

Kazi zako zifanyikie ndani ya mazingira ya venv, yaani folda ya mradi yenye Python yake na pip yake, isiyogusa ya mfumo. Kwenye Debian na Ubuntu lazima kwanza usakinishe kifurushi kimoja, kwa kuwa wameitenga venv na Python ya msingi:

    sudo apt install python3-venv

Kisha, ndani ya folda ya mradi:

    python3 -m venv .venv
    source .venv/bin/activate
    python -m pip install --upgrade pip

Ukishaendesha mstari wa pili, mbele ya mshale wa terminali litatokea jina la .venv ndani ya mabano. Hapo python na pip zote ni za mradi. Mstari wa tatu unahitajika hata kama mazingira umeyaunda dakika hiyohiyo, kwani pip inayowekwa humo ni ile iliyofungashwa pamoja na Python yako siku ilipotengenezwa, na huenda ni ya mwaka juzi. Ukiwa na Python 3.9 au mpya zaidi unaweza kuunda na kusasisha kwa pamoja:

    python3 -m venv --upgrade-deps .venv

Amri ya kusasisha ikifanya kazi utaona neno Uninstalling, la kuondoa toleo la zamani, kisha Successfully installed na namba mpya. Neno la kuondoa lisikutishe. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiona Requirement already satisfied, maana yake tayari una toleo la juu kabisa linaloifaa Python yako. Hakikisha kwa kurudia ile amri ya --version na kuisoma njia yake tena.

Jambo moja watu hulichanganya: kusasisha pip hakusasishi vifurushi vyako vingine. Django au pandas uliyokuwa nayo inabaki ilivyo, na hilo ni jema, kwa sababu unaweza kusasisha pip leo bila hofu kwamba mradi utabadilika tabia. Ukitaka kujua vipi vimepitwa na wakati:

    python -m pip list --outdated

Vifurushi hivyo usivisasishe vyote kwa mkupuo. Chukua kimoja, jaribu mradi, kisha nenda kingine.

Windows ina mazoea yake. Ukiandika pip install --upgrade pip peke yake, pip itakataa na kukupa amri nyingine ya kutumia. Sababu ni kwamba umeita pip.exe, na Windows hairuhusu faili la programu inayoendeshwa libadilishwe likiwa bado linaendeshwa. Kwa hiyo andika:

    py -m venv .venv
    .venv\Scripts\activate
    python -m pip install --upgrade pip

PowerShell inaweza kukataa mstari wa pili kwa kudai kwamba skripti zimezuiwa. Ruhusu kwa jina lako tu, bila kugusa watumiaji wengine wa kompyuta:

    Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

Kama kompyuta ni ya ofisi au ya chuo na huna ruhusa ya kubadilisha hilo, fungua dirisha la kawaida la cmd badala ya PowerShell. Huko kizuizi hicho hakipo. Na ukikutana na kosa la WinError 5, linalosema huna ruhusa, usikimbilie kufungua terminali kwa mamlaka ya msimamizi. Kosa hilo mara nyingi linakuonyesha kwamba unagusa Python iliyowekwa kwa ajili ya watumiaji wote, au kwamba programu nyingine inayotumia Python hiyo bado iko wazi. Funga kihariri chako, ingia kwenye venv, ujaribu tena.

Wenye Python ya zamani wana hesabu yao. pip 20.3.4 ndiyo ya mwisho kwa Python 2.7, kwani pip 21.0 ya Januari 2021 iliiacha Python hiyo, pamoja na Python 3.5. Kwa Python 3.6 mwisho ni 21.3.1, kwa 3.7 ni 24.0, na kwa 3.8 ni 25.0.1. Kwa kawaida huna haja ya kukariri namba hizi, kwani pip tangu 9.0 husoma masharti ya kila toleo na kujichagulia linalofaa. Hatari iko kwa mwenye pip iliyotangulia 9, kama 8.1.1 ya Ubuntu 16.04. Hiyo haisomi masharti, hivyo hubeba toleo jipya kabisa na kujimaliza: amri inayofuata hutoa SyntaxError kwenye mstari wenye f-string, aina ya uandishi ambayo Python hizo haziijui. Kwa mashine ya namna hiyo taja kikomo mwenyewe:

    python -m pip install --upgrade "pip<21.0"

Alama za kunukuu ni za lazima. Bila hizo terminali huichukulia alama ya < kuwa agizo la kusoma faili, na amri haifiki kwa pip inavyotakiwa. Kama umeshachelewa na pip imeshavunjika, kuna skripti ya get-pip.py kwa kila Python ya zamani, kwenye anwani ya bootstrap.pypa.io; ya Python 3.6, kwa mfano, iko bootstrap.pypa.io/pip/3.6/get-pip.py. Ipakue, iendeshe kwa Python hiyohiyo ndani ya mazingira yako, nayo itaweka pip inayolingana.

Mtandao dhaifu nao una dawa zake. Kwa kawaida pip husubiri sekunde 15 kabla ya kukata tamaa na seva, na hurudia mara 5. Mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, iongezee subira:

    python -m pip install --timeout 60 --retries 10 --upgrade pip

Kwa maabara ya shule au chuo yenye kompyuta nyingi na bando moja, kuna njia bora zaidi. Faili la pip ni dogo, karibu MB 2 hivi, na jina lake huishia na py3-none-any.whl. Sehemu hiyo ya jina ina maana kwamba faili lilelile linafaa Windows, Linux na Mac. Mtu mmoja alipakue:

    python -m pip download pip

Kisha linakiliwe kwenye flashi, na kila kompyuta, ikiwa ndani ya venv yake na flashi ikiwa imefunguliwa kama folda ya sasa, iendeshe:

    python -m pip install --no-index --find-links . --upgrade pip

Kigezo cha --no-index kinaikataza pip kwenda kwenye mtandao, na --find-links . inaielekeza itafute kwenye folda iliyopo. Njia hiyohiyo inafaa kwa vifurushi vya somo zima: mwalimu anaweka orodha kwenye requirements.txt, anapakua vyote mara moja kwa python -m pip download -r requirements.txt, na darasa linasakinisha kutoka flashi. Hapa kuna sharti moja tofauti na la pip: vifurushi vyenye sehemu za C au Rust hupakuliwa kwa mfumo na toleo la Python la kompyuta iliyovipakua, hivyo pakulia kwenye mashine inayofanana na za darasa.

Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, unaweza kuanza kuona onyo hili kila unapotumia pip:

    WARNING: Ignoring invalid distribution ~ip

pip inapobadilisha toleo, hulihamisha la zamani kwanza kwa kubadilisha herufi ya mwanzo ya folda kuwa ~, ili kama jambo likiharibika iweze kulirudisha. Ikikatizwa ghafla, folda hiyo hubaki. Onyo linataja njia. Nenda kwenye site-packages hiyo, futa folda zinazoanza na ~, basi. Kama pip yenyewe imetoweka au haiwaki, ukiwa ndani ya venv andika:

    python -m ensurepip --upgrade

Hii huirudisha ile iliyofungashwa na Python, bila kuhitaji mtandao, kisha unaisasisha upya. Na toleo jipya likikuletea shida, kurudi nyuma kunaruhusiwa: python -m pip install pip==24.0 itakurudisha kwenye hilo ulilolitaja. Hata venv nzima ikiharibika, si msiba. Iwapo ulikuwa umehifadhi orodha ya vifurushi kwa python -m pip freeze > requirements.txt, futa folda ya .venv, iunde upya, sasisha pip, usakinishe kutoka kwenye orodha. Mimi huona kufuta na kuunda upya ni haraka kuliko kutafuta ubovu saa nzima.

Kwa aliyeharibu pip ya mfumo, kazi ni kuondoa nakala ya ziada na kumrudishia apt ya kwake. Soma kwanza njia kwenye --version. Ikionyesha .local ndani ya folda yako ya nyumbani, nakala hiyo ndiyo inayoifunika ya mfumo:

    python3 -m pip uninstall pip
    sudo apt install --reinstall python3-pip
    hash -r

Kabla ya kufuta, amri ya kwanza itakuonyesha mafaili inayotaka kuyaondoa. Hakikisha yote yako ndani ya .local ndipo ukubali kwa y. Kwenye Debian 12 na Ubuntu 24.04 itakataa mpaka uongeze --break-system-packages, na hapa pekee, ukishaiona njia kwa macho yako, kigezo hicho kina kazi halali. Amri ya hash -r inaisahaulisha terminali mahali ilipozoea kuikuta pip. Bila hiyo inaweza kuendelea kutafuta skripti iliyokwisha kufutwa na kukufanya udhani ukarabati umeshindikana.

Kwenye seva inayohudumia watu, pip isisasishwe kwa mkono, siku yoyote mtu anapoona ujumbe. Taja toleo kwenye skripti inayoijenga seva, kwa mfano pip==25.0.1, lijaribu kwenye mashine ya majaribio, na ulibadilishe kwa makusudi wakati wa matengenezo. Na kwenye mashine za maabara zisizo na mtandao, ambako ujumbe wa toleo jipya hauna faida kwa mwanafunzi, uzime:

    python -m pip config set global.disable-pip-version-check true

Agizo hilo huandikwa kwenye mipangilio ya mtumiaji aliyeingia, kwa hiyo katika kompyuta yenye akaunti kadhaa liendeshe kwenye kila akaunti.